Anayeambiwa

Kujifunua ni kumwambia mtu jambo la ndani ambalo asingelijua kwa kumtazama tu mwenye nalo. Jambo lenyewe laweza kuwa dogo, kama hofu ya mtihani. Laweza pia kuwa zito: mimba, maambukizi, kuingiliwa kwa nguvu, kumpenda asiyeruhusiwa kupendwa, au kutosikia hamu yoyote wakati rika zima linajitapa. Kwa mtu wa miaka 18 hadi 25, mengi ya yale mazito huangukia upande wa mwili na mapenzi. Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, alisema kipindi hiki ndicho mtu anapojifunza kuwa karibu na mwenzake, au anashindwa na kubaki mpweke. Mwaka 2000 Jeffrey Arnett wa Marekani alipendekeza kihesabiwe kuwa hatua ya maisha inayojitegemea, iliyopita ujana lakini haijafika utu uzima kamili. Kijana ametoka kwao, yuko hosteli au chumba cha kupanga, hajaoa wala hajaolewa, na maamuzi kuhusu mwili wake yako mikononi mwake kuliko wakati wowote uliotangulia. Watu wa kupiga nao stori ni wengi. Wa kuwaambia hili ni wachache, na pengine hayupo hata mmoja.

Aliyeanza kulipima jambo hili kwa utaratibu ni Sidney Jourard, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1958, yeye na Paul Lasakow walichapisha hojaji yenye vipengele 60 kuhusu maoni ya mtu, mambo anayoyapenda, kazi yake, fedha zake, tabia yake na mwili wake. Kwa kila kipengele mhojiwa aliulizwa amewahi kumweleza nani: mama, baba, rafiki wa kiume, rafiki wa kike, mume au mke. Matokeo hayamshangazi mtu aliyelelewa katika familia: maoni na kazi husemwa kwa wepesi, mwili na fedha hufichwa. Kilicholeta mjadala ni hoja aliyoijenga Jourard katika kitabu chake cha mwaka 1964, kwamba anayejificha kwa watu wote hatimaye hushindwa hata kujijua mwenyewe, na kwamba kujificha huko hudhoofisha afya. Wazo hilo lilitoka vyuoni likaingia magazetini, kwenye mahubiri na kwenye kampeni za afya, na huko njiani likapukutika mpaka ikabaki amri fupi: sema, usikae nalo. Amri hiyo imebeba nusu tu ya jambo.

Nusu hiyo, hata hivyo, ni ya kweli. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwataka wanafunzi waseme kwa sauti, kwa dakika tano, kila kinachowajia akilini, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akiwajia, wagonge kengele. Kengele ziligongwa mara kwa mara. Tena wanafunzi hao waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale ambao hawakuwa wamekatazwa kwanza. Kijana anayejikaza asahau usiku mmoja fulani yumo katika jaribio hilo hilo, ila lake haliishi baada ya dakika tano.

Miaka 30 baadaye Michael Slepian wa Chuo Kikuu cha Columbia aliuliza ni kipi hasa kinachomchosha mwenye siri. Watu wengi wangejibu kwamba ni kazi ya kuficha: kukwepa swali, kubadili mazungumzo, kutunga uongo na kuukumbuka. Tafiti zake za mwaka 2017 zilionyesha kwamba nafasi za kuficha mbele za watu huja mara chache kuliko zile ambazo siri hujileta yenyewe wakati mtu yuko peke yake, garini, darasani au kitandani, na kwamba kurudiwa huku ndiko kunakoendana na hali duni ya nafsi. Mambo ya mapenzi, tamaa na tendo la ndoa yalikuwa miongoni mwa siri zilizotajwa sana. Kwa hiyo kijana anayeonekana mchangamfu barazani, asiyeulizwa lolote na yeyote, hajapona kwa sababu tu haulizwi.

Je, kulitoa kunasaidia? Jaribio linalonukuliwa zaidi ni la James Pennebaker na Sandra Beall, lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist mjini Dallas na kuchapishwa mwaka 1986. Wanafunzi 46 waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Wengine walipewa mada zisizo na uzito, wengine waliandika juu ya tukio lililowaumiza maishani. Walioandika yote mawili, kilichotokea na jinsi kilivyowagusa, walitoka chumbani wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia, na shinikizo la damu likiwa limepanda. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tangu hapo jaribio limerudiwa mara nyingi sana. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hiyo na kukuta faida ipo, ila ni ndogo. Jambo moja husahaulika linapotajwa jaribio hili: wanafunzi wale hawakumwambia mtu. Waliiambia karatasi, na karatasi haikunji uso wala haiendi kusimulia.

Mtu akishaingia katikati, hesabu hubadilika. Bernard Rimé, wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, alitumia miaka mingi kuchunguza kinachotokea baada ya mtu kupatwa na jambo la kumtikisa. Zaidi ya matukio manane katika kumi husimuliwa, na mara nyingi husimuliwa siku hiyo hiyo. Lakini mwaka 2005, yeye na Emmanuelle Zech walionyesha kwamba masimulizi peke yake hayapunguzi ukali wa kumbukumbu. Waliosimulia walisema wamefaidika, wakashukuru, ila walipopimwa, maumivu ya tukio lile yalikuwa palepale. Wanachokipata wasimuliaji ni ukaribu na faraja ya muda. Ili kidonda chenyewe kianze kufunga panahitajika kitu cha ziada: msikilizaji anayemsaidia mwenye jambo kuliona upya, kulipanga, kulitafutia hatua ya kesho. Slepian naye, katika kazi ya mwaka 2019, alikuta kwamba waliomwambia mtu siri zao walikuwa na hali njema pale tu walipotoka katika mazungumzo hayo wakihisi sasa wanaweza kulikabili jambo.

Rimé, akiwa na Véronique Christophe, aliona jambo jingine, ambalo mkazi yeyote wa mtaa wenye kibaraza analijua bila utafiti: anayesimuliwa naye husimulia. Katika utafiti wao wa mwaka 1997, takriban theluthi mbili ya walioambiwa jambo zito walikuwa wamekwisha kulipeleka kwa mtu mwingine, na kadiri jambo lilivyotikisa zaidi ndivyo lilivyosafiri zaidi. Umbea, kwa maana hiyo, si ugonjwa wa uswahilini. Ni namna ya kawaida ambayo binadamu hujitua mzigo aliobebeshwa. Hapo ndipo ilipo nusu ya pili ya jambo: kujifunua kutamjenga au kutambomoa kijana kutegemea aliyemwambia, zaidi ya ujasiri wake wa kusema.

Hata kasi ya kusema inategemea upande wa pili. Irwin Altman na Dalmas Taylor, katika kitabu chao cha mwaka 1973, walimfananisha mtu na kitunguu, chenye maganda ya juu yaonwayo na wote na kiini kisichofikiwa ila na wachache. Uhusiano ukienda vizuri, maganda hubanduliwa polepole na kwa zamu: huyu akitoa kidogo, yule naye hutoa kidogo. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake waliwaketisha wanafunzi wasiojuana wawili wawili na kuwapa maswali 36, kuanzia mepesi hadi ya ndani, wayajibu kwa kupokezana ndani ya dakika 45. Walitoka wakihisi kuwa karibu kuliko wenzao waliopewa soga za kawaida. Jaribio hilo limepata sifa ya kuwa dawa ya mapenzi, na sifa hiyo imezidi. Linachokionyesha ni kwamba zamu na ngazi zina nguvu. Mwenye kumwaga yote siku ya kwanza, huku mwenzake hajatoa lolote, anakuwa amejianika tu mbele ya mtu asiyemjua.

Jamii za pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa na jibu la swali la nani aambiwe, na jibu hilo halikuachiwa bahati. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameeleza unyago na kazi ya kungwi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Mama mzazi hakumfundisha bintiye mambo ya unyumba. Kati yao kulikuwa na haya, nayo iliheshimiwa, si kulaumiwa. Kazi ilikuwa ya somo, mwanamke mzima asiye mama yake, aliyempokea msichana anapovunja ungo, akamfunda, akabaki kuwa mtu wa kuendewa mambo ya ndoa yanapomshinda. Wavulana walikuwa na jando na makungwi wao. Bibi na babu, kwa kuwa ni watani wa wajukuu, waliweza kuulizwa yale ambayo kumuuliza baba kungekuwa utovu wa adabu. Kwa Waganda kazi kama hiyo ilikuwa ya ssenga, shangazi upande wa baba. Ukiutazama kwa macho ya Rimé, mpango huu ulikuwa na akili. Msikilizaji alichaguliwa mapema, alikuwa mtu mzima, alijua la kusema baada ya kusikia, na heshima yake katika mtaa ilitegemea ulimi wake kutulia.

Haufai kusifiwa kupita kiasi. Somo alimwandaa mwari kwa ajili ya mume, na mafunzo mengi yalihusu kumridhisha na kumvumilia. Binti aliyekuwa na la kusema kuhusu mjomba aliyemshika, au ambaye hakutaka kuolewa, hakuwa na hakika ya kusikilizwa. Unyago wenyewe umekuwa ukienda sambamba na ndoa za mapema katika sehemu nyingi. Hata hivyo ulipofifia mijini, kilichoondoka pamoja na mabaya yake ni ile nafasi ya mtu mzima asiye mzazi, na nafasi hiyo haikujazwa. Mjini Kampala ssenga amehamia redioni na magazetini, ambako anazungumza na maelfu kwa pamoja. Anaweza kufundisha. Kumsikiliza mmoja mmoja ni kazi nyingine.

Waliobaki ni wenye rika moja. Wana faida zao: wanaelewa lugha, hawatishi, wako macho saa saba za usiku. Lakini Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri, kuanzia mwaka 2002, ameonyesha hatari ya mazungumzo ya marafiki wawili wanaolirudia tatizo lile lile, wakilichambua na kulichambua tena, wakikisia nia ya kila ujumbe uliotumwa. Aliwachunguza watoto na vijana wadogo, na aliporudi kwao baada ya miezi sita, wasichana wenye mazoea hayo walikuwa wamekaribiana zaidi na marafiki zao, na papo hapo dalili za sonona na wasiwasi zilikuwa zimeongezeka. Urafiki ulinenepa, moyo ukakonda. Msichana anayesomewa kila usiku meseji za mpenzi wa rafikiye, naye anasoma zake, anaijua hali hiyo.

Wengine huwakimbilia wasiowajua. Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni hupewa siri ambazo jirani hunyimwa kwa makusudi, kwa kuwa mgeni hafungwi na mahusiano ya pale. Zick Rubin alilijaribu wazo hilo katika uwanja wa ndege wa Boston na kuchapisha matokeo mwaka 1975: abiria walijifunua zaidi kwa mtafiti aliyeanza yeye kujifunua, hadi kufikia kiasi fulani. Abiria wawili wa basi la usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza wanaweza kuambiana yasiyosemwa nyumbani. Vipindi vya redio vya usiku, vinavyopokea simu za wasiotaja majina, vimejengwa juu ya tabia hiyo hiyo. Kinachovitofautisha na makundi ya WhatsApp ni kwamba sauti isiyo na jina hupita. Maandishi na picha hubaki, na kupiga picha ya skrini ni kazi ya sekunde moja. Mgeni wa safarini alikuwa salama kwa sababu aliondoka. Mgeni wa mtandaoni anaweza kuwa ameondoka na ushahidi.

Ugumu wa kumfanya kijana ajifunue umewahi kuwapata hata watafiti. Katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulilinganisha njia tano za kujua mwenendo wa vijana katika mapenzi, na Mary Plummer na wenzake wakachapisha matokeo mwaka 2004. Vijana wengi ambao vipimo vya maabara vilionyesha wazi kwamba wamewahi kujamiiana, kwa sababu ya mimba au ugonjwa wa zinaa, walikana kwenye dodoso. Wasichana walikana zaidi. Mazungumzo marefu ya ana kwa ana yaliwafungua wasichana hao kuliko karatasi waliyoijaza wenyewe. Ni matokeo ya kinyume na ya Dallas. Mwanafunzi wa Dallas aliiona karatasi kuwa faragha. Kwa msichana wa kijijini karatasi ni mtihani, ni ofisi, ni kitu kitakachosomwa na mwalimu.

Kuhusu wanaume, dhana iliyozoeleka ni kwamba wao hawasemi. Kathryn Dindia na Mike Allen walijumlisha tafiti 205 mwaka 1992 na kukuta kwamba wanawake hujifunua zaidi, lakini kwa tofauti ndogo sana, na inayoongezeka au kupungua kutegemea ni nani anayeambiwa. Mvulana aliyeambiwa ajikaze tangu utotoni hakuzaliwa bubu. Kijiweni anazungumza sana kuhusu wanawake, na karibu yote ni majigambo, kwa kuwa hiyo ndiyo sarafu inayokubalika pale. Kushindwa kitandani, kukataliwa, kuogopa, au kulazimishwa na mtu mzima alipokuwa mdogo havina mahali pa kuwekwa.

Kwa wapendanao wenyewe, utafiti umekwenda mbali kidogo. Sandra Byers na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, wameonyesha kwamba kumwambia mwenza unachokipenda na usichokipenda kitandani huongeza kuridhika kwa njia mbili. Moja ni ya wazi: anayejua hufanya. Nyingine ni kwamba maongezi yenyewe huwaleta karibu, na ukaribu huongeza raha. Kuhusu kinga, Laura Widman na wenzake walikusanya mwaka 2014 tafiti za vijana na kuona kwamba wanaozungumza na wenza wao hutumia kondomu zaidi. Lakini si kila mazungumzo yana uzito sawa. Kuzungumza juu ya kondomu yenyewe kulihusiana na kuitumia kuliko kuhojiana umewahi kuwa na wangapi. Hili linastahili kurudiwa, kwa kuwa vijana wengi huamini kwamba uaminifu ni kukiri orodha ya waliopita. Orodha huzaa wivu. Kondomu huzuia mimba na maradhi.

Hakuna mahali ambapo suala hili limepimwa kwa ukali hapa kwetu kama katika VVU. Mwaka 1999 Suzanne Maman na wenzake waliwafuatilia wanawake 245 waliopima katika kituo cha ushauri nasaha kilichokuwa Muhimbili, Dar es Salaam. Baada ya miezi mitatu, karibu theluthi mbili ya waliokutwa na virusi walikuwa wamewaambia wenza wao, na chini ya asilimia 5 ya wanawake waliosema walieleza kupata mapokeo mabaya. Watafiti walitangaza matumaini, ila kwa tahadhari, na tahadhari hiyo ndiyo yenye kuelimisha. Sababu kuu ya walionyamaza ilikuwa kuogopa atakavyofanya mwanamume. Na katika kundi hilo hilo, wanawake wenye virusi walio chini ya miaka 30 walikuwa na uwezekano wa takriban mara 10 kuliko wenzao wasio na virusi wa kuwa wamepigwa au kudhulumiwa na mwenza. Wanawake walikuwa wakimpima mtu kabla ya kumwambia, na wengi walimpima sawasawa. Kampeni inayowaita walionyamaza kuwa waoga haijazisoma takwimu hizo.

Sheria nazo zimeingilia. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka anayejua kwamba ana VVU amwarifu mara moja mwenza wake. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikifuta, moja ya sababu ikiwa ni kwamba hakikueleza wazi ni nani wanaopaswa kuarifiwa. Wakati huo huo tiba imebadilisha maana ya kinachosemwa. Utafiti uitwao HPTN 052, ambao Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema hupunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Mwaka 2016 utafiti wa PARTNER barani Ulaya ulifuatilia zaidi ya jozi 800 za wapenzi na haukukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza aliyefubaza virusi. Kijana wa leo anayetumia dawa vizuri hana tena la kukiri kama tishio. Ana habari ya afya yake. Wasikilizaji wengi, hata hivyo, bado wanaisikia kwa masikio ya mwaka 1995.

Waliozaliwa na virusi wana safari ndefu zaidi. Kabla ya kumwambia yeyote, wao wenyewe walipaswa kuambiwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule ya msingi aelezwe hali yake, lakini wazazi wengi huchelewa, wakisema vidonge ni vya kifua au vya malaria, mpaka mtoto anajisomea ukweli ukutani kliniki. Aliyejifunza hivyo kwamba nyumbani jambo hili halisemwi, ndiye huyo huyo anayetakiwa, akifika miaka 20, aweze kulisema kwa mpenzi.

Wakati mwingine anayeambiwa ni taasisi, na adhabu imeandikwa mapema. Hadi Novemba 2021, msichana wa shule nchini Tanzania aliyemweleza mwalimu kwamba ana mimba alikuwa anajiondoa shuleni kwa kinywa chake. Katika mazingira hayo kunyamaza kulikuwa hesabu sahihi. Kunyamaza ni kwingi pia kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 nchini Tanzania walifanyiwa ukatili huo kabla ya miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hawakuwahi kumwambia mtu, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Madawati ya Jinsia na Watoto polisi, vituo vya Mkono kwa Mkono na namba ya simu 116 vimeongeza milango. Lakini Courtney Ahrens, aliyewahoji wanawake waliobakwa nchini Marekani, alikuta mwaka 2006 wengine waliokwisha kusema mara moja kisha wakafunga mdomo kwa muda mrefu, kwa sababu wa kwanza kuambiwa aliwauliza walikuwa wamevaa nini au walikwenda kule kufanya nini. Jibu la kwanza ndilo linaloamua kama kutakuwa na la pili.

Kwa wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, karibu utafiti wote unaotajwa umefanyika Marekani, na unapaswa kusomwa hivyo. Mwaka 1996 Steve Cole na wenzake waliripoti kwamba wanaume wenye VVU waliokuwa wakificha mwelekeo wao waliugua UKIMWI mapema kuliko wasioficha. Matokeo hayo yalisambaa. Yaliyofuata mwaka 1997 hayakusambaa kiasi hicho: kwa wale wanaoumizwa sana na kukataliwa, kuficha kulionekana kuwakinga. Caitlin Ryan na wenzake mwaka 2009 walionyesha kwamba vijana wa miaka 21 hadi 25 waliokataliwa vikali na familia walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Nicole Legate na wenzake, mwaka 2012, walihitimisha kwamba kujifunua huleta nafuu mbele ya wanaomkubali mtu alivyo, na mbele ya wasiomkubali nafuu hiyo haionekani. Katika nchi kama Uganda, yenye sheria kali ya mwaka 2023, au Tanzania, ambako kifungo kinaweza kufika cha maisha, hatari ya kumwambia asiyefaa haihitaji takwimu.

Hoja ya wazee wa pwani kuhusu sitara inapata maana mpya hapa. Dini na mila zimemkataza mtu kutangaza aibu yake na kuianika ya mwenziwe, na katazo hilo mara nyingi hutajwa kama adui wa afya ya akili. Kumbe wanasaikolojia nao wanatofautisha faragha na siri inayotafuna. Mwenye faragha amechagua nani ajue na amestarehe. Mwenye siri inayotafuna anatamani kumwambia mtu na hana wa kumwambia. Wa kwanza hahitaji kuhimizwa aseme.

Wa pili anahitaji msikilizaji, na wasikilizaji wanaweza kufunzwa. Mjini Harare, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza wanawake wazima wa mitaani kuketi benchini nje ya zahanati na kusikiliza kwa hatua: kusikia, kulitaja tatizo moja, kulitafutia hatua ndogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha sonona na wasiwasi vikipungua kwa waliokaa benchini kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Zanzibar. Kwa vijana wenye VVU, mjini Moshi ulibuniwa mradi wa Sauti ya Vijana, ambao haukuwatumia wanawake wazima kama wa Harare wala wataalamu waliobobea, bali vijana waliowatangulia kidogo kwa umri, waliofunzwa na kusimamiwa. Una vikao kumi vya kundi na viwili vya mtu mmoja mmoja, na ndani yake huzungumzwa msongo wa mawazo, siku ambayo kila mmoja alijua hali yake, unyanyapaa, na jinsi ya kuamua nani aambiwe na nani asiambiwe. Vikao viwili kati ya vile kumi hufanyika pamoja na walezi. Kazi kama hii ni ya polepole, inamtaka msikilizaji yule yule arudi wiki baada ya wiki, na mingi ya miradi ya aina yake huendeshwa kwa fedha za utafiti, ambazo zina tarehe ya kwisha.